Kuzoea Miwani Mipya: Mwongozo kwa Wavaaji wa Kitui na Makueni

Miwani iliyotengenezwa kwa kipimo kipya huhitaji kuzoewa, hata pale kipimo kilipo sahihi na fundi alipofanya kazi yake vyema. Siku za mwanzo sakafu huweza kuonekana imeinama, fremu ya mlango ikaonekana imepinda, na kidato cha ngazi kikaonekana kiko karibu au mbali kuliko kilivyo. Jioni kichwa huuma kidogo, macho huchoka, na anayegeuka ghafla huhisi kizunguzungu. Kwa watu wengi hali hii hupungua siku baada ya siku na kwisha kabla ya wiki mbili kutimia.

Upo usumbufu wa aina nyingine, unaotokana na kosa. Huenda kipimo kilichukuliwa vibaya, lenzi ikakatwa nje ya kituo chake, au fremu ikakaa upande usoni. Huu hauishi kwa kuvumilia. Kazi kubwa ya mvaaji ni kutofautisha aina hizi mbili mapema, na kwa mkazi wa Kitui au Makueni kutofautisha huko kuna bei. Kaunti ya Kitui ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 30,000, na Makueni zipatazo 8,000, ilhali wapimaji wa macho na maduka ya miwani hupatikana zaidi mijini. Kutoka Tseikuru hadi Mwingi, Mutha hadi Kitui mjini, au Mtito Andei hadi Wote, ni nauli na siku nzima ya kazi. Ndiyo maana wengine huifungia miwani sandukuni baada ya siku mbili, na wengine huvumilia miezi mingi kwa lenzi ambazo zingerekebishwa kwa nusu saa.

Kinachobadilika

Lenzi ya kutoa, inayovaliwa na asiyeona vizuri mbali, hufanya vitu vionekane vidogo na vilivyo mbali zaidi. Lenzi ya kujumlisha huvikuza na kuvisogeza. Lenzi ya silinda, inayosahihisha jicho ambalo uso wake wa mbele haukujipinda sawa pande zote, hukuza taswira zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Hiyo ya tatu ndiyo inayoinamisha meza na sakafu, na ndiyo inayowasumbua wengi zaidi.

Kizunguzungu kina sababu yake. Kichwa kinapogeuka kulia, macho huzunguka kushoto kwa kasi inayolingana ili taswira isitikisike. Ubongo umeifanya hesabu hiyo kwa miaka mingi kwa lenzi za zamani, au bila lenzi kabisa. Lenzi inayokuza huyataka macho yazunguke zaidi, na inayopunguza huyataka yazunguke kidogo. Mpaka hesabu irekebishwe, dunia huonekana kuteleza kila kichwa kinapogeuka.

Ubongo una uwezo mkubwa wa kujirekebisha. Mwaka 1897 mwanasaikolojia George Stratton wa Chuo Kikuu cha California alichapisha matokeo ya jaribio alilojifanyia mwenyewe. Kwa siku nane alivaa lenzi zilizopindua kila kitu juu chini. Mwanzoni alitatizika hata kushika vitu vilivyokuwa mbele yake, lakini kufikia siku za mwisho alikuwa akitembea na kufanya shughuli zake kwa wepesi zaidi. Badiliko la miwani ya kawaida ni dogo sana likilinganishwa na hilo. Kanuni, hata hivyo, ni ileile: ubongo hujifunza mvaaji anapotembea, anapogeuka na kushika vitu huku lenzi zikiwa usoni. Miwani inayovuliwa kila mara haifundishi kitu.

Kusoma karatasi ya kipimo

Karatasi anayopewa mgonjwa baada ya kupimwa humwezesha kukadiria ugumu wa siku zinazokuja. Jicho la kulia huandikwa OD au R, la kushoto OS au L. Safu ya SPH ni nguvu ya lenzi katika dayopta, ikiwa na alama ya kutoa au ya kujumlisha. CYL ni nguvu ya silinda, na AXIS ni mwelekeo au mhimili wake, kuanzia 1 hadi 180. ADD ni nguvu ya ziada ya kusomea, inayohitajika na wengi kuanzia karibu na umri wa miaka 40. PD ni umbali kati ya mboni mbili za macho kwa milimita. Kwa watu wazima wengi huwa kati ya 54 na 74.

Nguvu za lenzi hupanda kwa hatua za 0.25. Badiliko la hatua moja kwa kawaida halisumbui. Badiliko la hatua tatu au zaidi, silinda inayovaliwa kwa mara ya kwanza, mhimili uliohama sana, au tofauti kubwa kati ya jicho moja na jingine, yote hayo huongeza siku za kuzoea. Anayepewa kipimo cha aina hiyo amwulize mpimaji kama inawezekana kupanda kwa awamu mbili. Kwa mtu mzima jambo hilo hukubalika mara nyingi. Kwa mtoto uamuzi ni wa mpimaji.

Mwenye kisukari anapaswa kutaja ugonjwa wake kabla ya kupimwa. Sukari inapopanda sana, lenzi ya asili iliyo ndani ya jicho hubadilika nguvu, na kipimo hubadilika nayo. Miwani iliyotengenezwa wakati sukari haijatulia huweza kukosa kufaa baada ya wiki chache za matibabu mazuri. Ni heri kusubiri sukari itulie kwa wiki kadhaa, kisha kupimwa.

Kazi ya mvaaji nayo huingia katika kipimo. Nguvu ya kuona karibu hutegemea umbali wa kitu: kazi iliyo sentimita 40 kutoka machoni huhitaji dayopta 2.5, iliyo sentimita 33 huhitaji 3, na iliyo sentimita 50 huhitaji 2. Mama anayesuka kiondo akiwa amekishikilia mapajani, fundi aliye mbele ya cherehani katika kiwanda cha nguo cha KICOTEC pale Syongila, na anayechambua ndengu juu ya ungo uliowekwa chini, kila mmoja hutazama kwa umbali wake. Njia rahisi ni kuketi kama kazini, kumwomba mtu apime kwa uzi kutoka jichoni hadi kwenye kazi, kuukata uzi huo na kwenda nao kwa mpimaji. Miwani ya kusomea iliyopimwa kwa umbali wa gazeti humlazimisha fundi kuinamia cherehani, na mgongo huuma kabla ya macho.

Kabla ya kuondoka dukani

Dakika kumi za ukaguzi dukani huokoa safari nzima. Kwanza mvaaji afunike jicho moja, asome maandishi ya mbali na ya karibu kwa jicho lililobaki, kisha abadilishe. Macho mawili yakitazama pamoja, lililo zima huficha kosa la mwenzake.

Pili, fremu itazamwe usoni. Iwe sawa kulia na kushoto, isiguse nyusi wala mashavu, na isiteleze mvaaji anapoinama kama anayefunga kamba za viatu. Katikati ya kila lenzi hupaswa kuwa mbele ya mboni. Lenzi iliyokosea kituo huhamisha taswira, na kadiri ilivyo na nguvu ndivyo kosa linavyokua. Lenzi ya dayopta 4 iliyohama milimita 5 husogeza taswira kwa sentimita 2 katika kila mita ya umbali. Macho mawili yakisogezewa taswira pande tofauti, misuli yake hufanya kazi mchana kutwa kuziunganisha, na hapo ndipo maumivu ya kichwa yasiyoisha huanzia.

Tatu, mvaaji atoke nje ya duka, atembee hatua chache barazani, apande na kushuka kidato, atazame ubao wa duka la ng'ambo ya barabara, kisha arudi aseme alichoona. Nne, asiondoke bila karatasi ya kipimo na risiti, na aulize ni kwa muda gani duka litarekebisha lenzi au fremu bila malipo. Anayetegemea bima aulize mapema pia ni huduma gani za macho zinazolipiwa, kwa kuwa NHIF ilipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, na taratibu za awali hazitumiki tena.

Wiki mbili za kwanza

Miwani mipya huvaliwa vizuri kuanzia asubuhi, mara baada ya kuamka, kabla macho hayajazoea siku bila lenzi au kwa lenzi za zamani. Siku ya kwanza iwe ya nyumbani. Mvaaji aanze akiwa ameketi, atazame dirishani, asome kidogo, kisha atembee uani. Atazame mbele anapotembea kuliko kuchungulia miguu. Anapotaka kuona kitu kilicho pembeni, ageuze kichwa kizima, kwa kuwa kingo za lenzi ndizo zinazopinda taswira zaidi.

Maumivu ya kichwa yakizidi, miwani huvuliwa kwa nusu saa, macho yakafumbwa au yakatazama mbali, kisha ikarudishwa. Saa za kuvaa ziongezeke kila siku hadi zifikie siku nzima. Kurudia miwani ya zamani mchana na kuvaa mpya jioni huuchanganya ubongo kati ya hesabu mbili na kurefusha mazoea. Ya zamani ihifadhiwe kwa dharura tu, kama vile mpya kuvunjika.

Kuna kazi za kuahirishwa mpaka macho yatulie: kuendesha gari au bodaboda, hasa usiku, kupanda mwembe kuchuma maembe, kuparua kwa panga, na kushuka ndani ya kisima kilichochimbwa mchangani mtoni. Taa za magari zinazokuja mbele katika barabara ya Mombasa au ya Kibwezi–Mutomo–Kitui huleta mng'ao mkali kwa macho yasiyoizoea lenzi. Dereva asubiri hadi aweze kukadiria umbali mchana bila kusita, ndipo ajaribu usiku.

Ni vizuri kuandika matatizo kwa ufupi katika siku hizi: jicho gani, umbali gani, saa ngapi, na kama hali inapungua au inaongezeka. Maandishi ya mistari michache humsaidia mpimaji kuliko kauli kwamba miwani imekataa.

Bifokali na progresivu

Lenzi ya bifokali ina sehemu mbili: ya juu ya kuonea mbali na ya chini ya kusomea, zikitenganishwa na mstari. Progresivu hubadilika nguvu taratibu kutoka juu hadi chini bila mstari, lakini pande zake mbili za chini huwa na ukungu ambao hauwezi kuondolewa kabisa. Kwa bifokali mstari hukaa karibu na usawa wa kope ya chini. Ukiwa juu zaidi hukatiza njia ya kutembea, na ukiwa chini zaidi humfanya msomaji anyanyue kidevu mpaka shingo iume.

Hatari kubwa ya lenzi hizi iko miguuni. Anayetazama chini bila kuinamisha kichwa huiona ardhi kupitia sehemu ya kusomea, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya kitu kilicho umbali wa mkono. Mkulima wa Mbooni au Kilungu anayeshuka shamba lenye matuta ya fanya juu hukutana na hatari hii katika kila tuta. Ukingo wa tuta huonekana kwa ukungu, na kina cha mtaro ulio chini yake hakikadiriki. Mguu hutangulia pale jicho lilipodhani pana ardhi. Njia ya kujikinga ni kusimama ukingoni, kuinamisha kidevu hadi karibu na kifua ili ardhi ionekane kupitia sehemu ya juu ya lenzi, kuukadiria mtaro, ndipo kushuka. Ngazi za matatu hushukwa vivyo hivyo.

Wazee wanahitaji uangalifu zaidi. Utafiti uliofanywa Sydney, Australia, na kuchapishwa mwaka 2007, uliwafuatilia watu wa miaka 70 na zaidi. Waliopimwa macho na kuhudumiwa, baadhi yao wakipewa miwani mipya, walianguka zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa huduma hiyo. Maelezo yanayokubalika ni kwamba badiliko kubwa la ghafla huwashinda kabla hawajalizoea. Utafiti mwingine wa Australia, wa mwaka 2010, ulionyesha kuwa wazee wanaotoka nje mara kwa mara walianguka mara chache zaidi walipopewa miwani ya ziada ya kuonea mbali pekee kwa matembezi ya nje. Kwa mzee anayelima kwenye miteremko, miwani mbili zenye kazi tofauti, moja ya shambani na nyingine ya kusomea, huweza kuwa salama kuliko bifokali moja. Nyumbani, wiki za kwanza, njia ya kwenda chooni iondolewe vizuizi na iwe na mwanga usiku.

Miwani ya kusomea inayouzwa tayari sokoni ina nguvu sawa kwa macho yote mawili na haina silinda. Humfaa mwenye macho yanayolingana ambaye shida yake ni umri pekee. Mwenye silinda au macho yasiyolingana hataizoea hata akiivaa mwaka mzima.

Watoto na waliofanyiwa upasuaji

Watoto huzoea haraka, mara nyingi ndani ya siku chache, lakini hawasemi shida zao. Dalili za kuangalia ni mtoto kuchungulia juu ya fremu, kuinamisha kichwa upande mmoja, kufumba jicho moja anaposoma, au kuivua miwani kila anapoketi. Fremu iliyoteleza hadi nusu ya pua hubadilisha nguvu ya lenzi inayofika jichoni, kwa hiyo mzazi aanze kwa kuikaza. Mwalimu naye aarifiwe, ili mtoto asiambiwe avue miwani darasani wala wenzake wasimchezee.

Imani kwamba miwani hudhoofisha macho ya mtoto haina ukweli. Hatari iko upande wa pili: mtoto mdogo ambaye jicho lake moja lina upungufu mkubwa na halisahihishwi huweza kubaki na jicho vivu, ambalo ubongo umeacha kulitumia. Tatizo hilo hutibika vyema zaidi katika miaka ya mwanzo ya utoto.

Aliyeondolewa mtoto wa jicho husubiri jicho lipone kabla ya kupewa miwani ya kudumu, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Miwani yake ya kabla ya upasuaji haifai tena kwa jicho hilo, kwa kuwa lenzi iliyopandikizwa ina nguvu yake. Wengi huhitaji ya kusomea hata kama wanaona mbali vizuri. Ikiwa jicho la pili bado halijafanyiwa upasuaji, tofauti kati ya macho mawili huweza kusumbua kwa muda, na daktari aliyefanya upasuaji ndiye wa kushauri.

Vumbi, jasho na jua

Miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, huleta vumbi jingi. Lenzi yenye vumbi ikifutwa kavu kwa leso au shati hukwaruzika, na mikwaruzo huleta ukungu unaofanana na kipimo kibaya. Vumbi huondolewa kwanza kwa maji, na panapokosekana mfereji, kikombe kimoja kinatosha. Lenzi husuguliwa kwa vidole safi na tone la sabuni ya maji, husuuzwa, kisha hukaushwa kwa kitambaa laini cha pamba kilicho safi.

Jasho hulegeza miwani na kuishusha puani. Fundi huweza kukaza mikono ya fremu au kubadilisha vishikizi vya pua kwa muda mfupi, na kamba ya nyuma ya kichwa humsaidia anayelima au kupanda bodaboda. Joto nalo huharibu: miwani iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani huweza kupinda fremu yake ya plastiki na kupasua utando wa lenzi. Lenzi zinazobadilika rangi juani hufanya giza zinapopigwa na miale ya urujuanimno (UV) ya jua, lakini ndani ya gari hubaki nyeupe kiasi, kwa sababu kioo cha mbele huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo. Hilo si kasoro.

Wakati wa kurudi

Usumbufu unaopungua kila siku huachwa umalize muda wake. Usiopungua kabisa baada ya siku 5 za kuvaa mfululizo huhitaji simu dukani, na uliobaki baada ya wiki mbili huhitaji safari. Jicho moja lisiloona vizuri tangu siku ya kwanza, kuona vitu viwili viwili kunakoisha miwani inapovuliwa, au maandishi yaliyosomeka vizuri zaidi kwa miwani ya zamani, hayahitaji kusubiri wiki mbili.

Mvaaji arudi na miwani zote mbili, mpya na ya zamani, pamoja na karatasi ya kipimo, risiti na maandishi yake. Ukaguzi hufuata mpango: kwanza lenzi husomwa kwa mashine kuona kama zinalingana na karatasi, kisha vituo vya lenzi hulinganishwa na PD, kisha fremu hunyooshwa, na mwisho macho hupimwa upya. Mvaaji ana haki ya kuomba hatua zote hizo, kwa kuwa kupima upya peke yake hakuwezi kugundua lenzi iliyokatwa vibaya.

Dalili nyingine hazihusu miwani kabisa. Kupoteza uwezo wa kuona ghafla, mimweko ya mwanga au wingi wa madoa meusi yanayoelea, kivuli kama pazia upande mmoja, jicho jekundu lenye maumivu makali, au kuona vitu viwili kunakoendelea hata bila miwani, ni mambo ya hospitali siku hiyohiyo. Mgonjwa aende hospitali iliyo karibu, au ya rufaa ya kaunti iliyoko Kitui mjini au ile ya Wote. Kesi zinazohitaji wataalamu zaidi hupelekwa vituo kama Hospitali ya PCEA Kikuyu au Lions SightFirst iliyoko Loresho, Nairobi.

Baada ya miwani kuzoewa, mtu mzima mwenye afya hupimwa tena kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na mapema zaidi akiona badiliko. Mwenye kisukari huchunguzwa kila mwaka bila kukosa, uchunguzi unaofika nyuma ya jicho, hata kama anaona vizuri. Karatasi za vipimo vyote zihifadhiwe pamoja, kwa kuwa kipimo cha zamani humwonyesha mpimaji ukubwa wa badiliko linalofuata, na humwezesha kulipunguza pale linapoweza kumwia mvaaji gumu.